USICHOME MNINGA! Jinsi vipisi vya mbao vinavyogeuka kibao cha kukatia cha maana

Leo tuache siasa kidogo, na mpira nao tuupumzishe. Nataka tuongelee kibao. Sio kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, sio kibao kipya cha Bongo Fleva, na wala sio kile cha shavuni. Naongelea kibao cha kukatia. Nyama, nyanya, vitunguu, ndizi, kila kitu kinakatiwa hapo. Kwa nini kibao? Kwa sababu hapa Arusha kuna hela inachomwa moto kila siku na sisi tunapita tu pembeni tukiota moshi wake.

Pita Unga Limited, pita Mbauda, panda Sakina mpaka Ngaramtoni, popote penye mafundi wa fenicha. Angalia chini ya mashine ya kupasulia. Mlango ukishatoka, kitanda kikishatoka, vinabaki vipisi. Vingine urefu wa mkono, vingine vya shibiri tu. Vinaingia kwenye kiroba, vinauzwa kuni. Sasa jiulize hiyo mbao imetoka wapi. Mlima Meru wetu una lile shamba la miti la serikali la Meru/Usa, lakini kule sehemu kubwa ni misonobari na saipresi, mbao laini za kupaulia. Mbao ngumu zinatoka mbali. Mninga unatoka kanda za Tabora, Katavi na Ruvuma. Mkongo unatoka Lindi na Ruvuma. Mtiki unatoka mashamba ya Longuza kule Muheza, Mtibwa, au bonde la Kilombero. Yaani kipisi cha mninga kimekua miaka na miaka porini, kimelipiwa ushuru, kimepandishwa lori, kimesafiri mamia ya kilomita, halafu safari inaishia chini ya sufuria ya maharage. Inauma arif!

Mimi nilivyogundua hili nikaona tayari, mchongo huu hapa. Nikanunua kiroba kizima kwa bei ya soda mbili, nikapasuliwa kwa fundi, nikagundisha, nikazungushia fremu ya mtiki pande zote nne ili kipendeze. Kilikuwa kibao bomba kweli, usipime. Nikamuuzia mama mmoja mwenye mgahawa. Baada ya wiki tatu akanipigia simu, kwa upole kabisa: "Mwanangu, njoo uchukue kuni zako." Nimefika nakuta kibao kimepasuka katikati, fremu imeachia kona mbili. Nikarudisha hela ya watu. Aibu ile sijaisahau.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha. Akakigeuza geuza, akacheka. "Wewe umeifunga mbao isihame. Mbao haifungwi mjukuu wangu, mbao inahama tu." Hayo maneno ndio makala yangu ya leo. Ukiyaelewa, kibao chako kitakaa miaka. Usipoyaelewa, utakuwa unauza kuni zilizopigwa msasa.

KICHWA NA UBAVU

Kila mbao ina sehemu mbili za kuangalia. Kuna ubavu, ule upande mrefu unaoona mistari inakwenda. Halafu kuna kichwa, pale ilipokatwa, unapoona zile duara za miaka. Mti ni kama mafungu ya mirija myembamba sana iliyosimama kupeleka maji juu. Ubavuni unaiona mirija ikiwa imelala. Kichwani unaiangalia midomoni.

Vibao vingi vya kukatia vinavyouzwa mtaani ni vya ubavu. Ni ubao mmoja umekatwa, umewekewa tundu la kuning'inizia, basi. Sasa fanya jaribio moja nyumbani. Chukua ufagio wa chelewa, ulaze mezani, upige kisu. Chelewa zimekatika. Halafu uusimamishe ufagio huohuo, upige kisu kutoka juu. Kisu kinapenya katikati ya chelewa, ukikitoa zinarudi kukaa pamoja. Hiyo ndio tofauti yote! Kibao cha ubavu kinakatika kila kisu kinapotua, kinaota mitaro, na mwishowe makapi yanaingia kwenye kachumbari. Kibao cha kichwa kinakipokea kisu. Kinadumu zaidi, na kisu chenyewe hakiwi butu haraka.

Wala sio ugunduzi wa Wazungu huu. Nenda bucha lolote la kizamani utakuta gogo limesimama na nyama inapasuliwa juu yake. Gogo likisimama, unakatia kwenye kichwa. Wachinja nyama walishajua siku nyingi kwamba kichwa kinavumilia shoka.

SASA KWA NINI GOGO LINAPASUKA?

Kama umewahi kuangalia gogo la bucha, lina nyufa zinazotoka katikati kwenda nje kama miale ya jua. Nyufa hizo ndizo zinazobeba uchafu, na ni moja ya sababu Bodi ya Nyama na maafisa afya wamekuwa wakiwasukuma wenye mabucha waachane na gogo na shoka wahamie kwenye msumeno wa umeme. Nyufa hazitokani na shoka peke yake. Zinatokana na mbao kuhama.

Iko hivi. Mbao ikipata unyevu inavimba, ikikauka inasinyaa. Kwa urefu haibadiliki karibu kabisa. Kwa upana ndio shughuli ipo, na hata huko kwenye upana haisinyai sawasawa. Ukifuata mzunguko wa zile duara za miaka, inasinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye ganda. Fikiria mtu kavaa mkanda, mkanda unapungua haraka kuliko tumbo. Mwisho wake mkanda unakatika. Gogo zima lenye kiini katikati likikauka lazima lipasuke. Halafu maji yanatoka kichwani kwa kasi mara 10 hadi 15 kuliko ubavuni, ndio maana nyufa zinaanzia kichwani.

Dawa yake ni kuvunja gogo. Badala ya kichwa kimoja kikubwa, unakusanya vichwa vingi vidogo visivyo na kiini, unavigundisha pamoja. Kila kipisi kinahama kidogo sana, na kwa vile vimegeukia huku na huku, hakuna nguvu moja kubwa ya kupasua kibao kizima. Na hapo ndipo mabaki yanapopata thamani, maana kazi yenyewe inataka vipisi vidogo. Ubao mkubwa mzima hauna faida yoyote ya ziada hapa.

Na ile fremu yangu ndugu zangu? Kibao cha kichwa kinavimba na kusinyaa pande zote mbili, upana na urefu, maana huko kote ni upana wa mbao. Fremu kwa urefu wake haihami. Kwa hiyo mmoja anataka kutembea, mwingine kamshika shati. Ndio yale. KANUNI YA KWANZA: usizungushie fremu kibao cha kichwa.

MBAO GANI UCHUKUE

Ukipata mninga, mkongo na mtiki, umemaliza kazi. Zote tatu ni mbao zinazotulia, hazihami sana zikishakauka, na rangi zake zinapendezana. Mninga una wekundu wa kahawia, mkongo ni wa kahawia nyekundu iliyokolea, na mtiki ni kahawia yenye dhahabu. Mvule nao unafaa. Loliondo ni ngumu na nzuri lakini inahama zaidi, mpaka iwe imekauka kweli kweli.

Mpingo watu wanaupenda kwa ule weusi. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Ila kwa anayeanza nashauri uache kwanza. Unamaliza meno ya msumeno, una mafuta yanayokataa gundi, na unahama tofauti na wenzake. Ukiwa mzoefu weka mistari myembamba tu, na ufute sehemu ya gundi kwa spiriti kabla ya kupaka.

Mringaringa na mgrevilea wa mashambani huku Meru ni mbao za karibu na bei rahisi, lakini ni laini. Zitatoa kibao cha mkate na matunda, sio cha kupigia panga kuku wa kienyeji.

Sasa sikiliza vizuri, hivi USICHUKUE kabisa:

- Vipande vya nguzo za umeme au nguzo za fensi zilizowekwa dawa. Ile dawa ni sumu, imewekwa ili mchwa na kuvu vife. Chakula cha binadamu hakikai hapo.
- Mbao zenye rangi ya zamani, vanishi au mafuta ya injini.
- Paleti yenye mhuri wa herufi MB. Hiyo imepigwa gesi ya kuua wadudu. HT maana yake imechomwa kwa joto tu, lakini hata hiyo hujui ilibeba nini, na mara nyingi ni mbao laini.
- Kipisi chenye kiini cha mti katikati. Kitapasuka tu, hata ukiombee.

UKAVU NDIO KILA KITU

Mafundi wengi wanafanya kazi na mbao mbichi kidogo kwa sababu mteja ana haraka. Kwa hiyo usiamini macho. Njia rahisi ni mizani. Chagua vipisi vitano, viandike namba, vipime dukani kwa jirani, andika uzito kwenye daftari. Rudia kila wiki. Uzito ukiwa bado unashuka, ujue maji bado yanatoka. Ukigoma kushuka wiki mbili tatu mfululizo, umekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu.

Vipange kivulini penye upepo, kila tabaka lipitishiwe vijiti katikati ili hewa ipite. Vichwani paka nta au rangi ya maji iliyobaki ili visipasuke. Mbao yenye rangi vichwani utaikata uitupe baadaye. USIANIKE JUANI kuharakisha. Nilijaribu, nikapoteza nusu ya kiroba. Na wakati wa masika, Machi mpaka Mei, uwe na subira zaidi, hewa yenyewe imelowa.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Wengi wetu hatuna mashine, na sio lazima uwe nayo. Nenda karakana, lipia kupasuliwa na kurandiwa. Ila uende na hesabu mkononi, usimpotezee fundi muda. Hesabu yangu hii hapa.

1. Tafuta vipisi nane vya urefu wa sm 50. Virandwe vyote viwe na upana wa sm 4 na unene wa sm 3, vinyooke kabisa. Hapa ndipo pesa yako iende, maana kipisi kilichopinda kitaharibu kila kitu kinachofuata.

2. Vipange ubavu kwa ubavu, ukibadilishana rangi. Paka gundi pande zote mbili, bana. Unapata ubao wa sm 32 kwa 50, wenye unene wa sm 3. Acha saa 24. Huu bado ni ubao wa ubavu, usishangae.

3. Kwangua gundi iliyotoka, pitisha kwenye mashine ya kuranda mara moja tu, nyembamba kabisa, unyooke.

4. Sasa ukate kwa kuvuka, vipande vya sm 4. Msumeno nao unakula karibu milimita 3 kila ukipita, kwa hiyo kwenye sm 50 utapata vipande 11 na kiasi kidogo cha kunyoosha miisho. Kila kipande ni kama rula nene yenye rangi nane.

5. Utamu uko hapa. Kila kipande kizungushe robo ili kichwa kiangalie juu. Halafu kimoja ndio kimoja sio, kigeuze mbele nyuma, ili rangi zipishane kama ubao wa drafti. Vipange vyote 11. Kila kimoja kina unene wa sm 3, kwa hiyo una sm 33. Gundisha tena, saa 24 tena.

Umepata kibao cha sm 32 kwa 33, unene sm 4, chenye vichwa 88 vinavyoangalia juu. Na angalia, sehemu zote ulizogundisha ni ubavu kwa ubavu, ambako gundi inashika kweli. Hakuna mahali umegundisha kichwa kwa kichwa, maana kichwa kinanywa gundi na kuacha kiungo kikavu.

Una vipisi vifupi, vya sm 30? Fanya bao mbili za namna hiyo. Kila moja inatoa vipande sita, jumla 12, umefika. Au ishia na bao moja, upate kibao kidogo cha sm 32 kwa 18 cha kukatia ndimu na vitunguu. Vipisi vifupi zaidi ya sm 30 usivipitishe kwenye mashine. Mashine inavirusha au inavuta mkono. Vidole havigundishwi jamani! Tumia kijiti cha kusukumia, usivae glovu wala shati lenye mikono inayoning'inia.

GUNDI NA KUBANA

Gundi nyeupe ya kawaida ya fenicha inaachia ikikutana na maji kila siku. Soma kopo, tafuta maandishi D3 au D4, hayo ni madaraja ya kuvumilia maji. D3 inatosha kibao kinachooshwa na kufutwa.

Klampu za chuma ni ghali, najua. Mbadala wake ni kabari. Chukua ubao mnene ulionyooka, pigilia mihimili miwili sambamba, nafasi iwe kubwa kidogo kuliko kazi yako. Weka kazi katikati, tandika karatasi ya nailoni chini isigande, halafu pigilia kabari mbili mbili zinazopishana pembeni mpaka gundi itokeze kama shanga kwenye kiungo chote. Usikaze kwa hasira, utaifukuza gundi yote. Juu weka tofali isije ikabinuka. Kamba za mpira wa tyubu ya baiskeli nazo zinabana vizuri, lakini peke yake zinaweza kukupindishia kibao.

KULAINISHA

ONYO: kibao cha kichwa usikiingize kwenye mashine ya kuranda. Visu vinakikamata kichwa, kinaweza kulipuka vipande vipande. Hapa ni msasa na jasho. Anza namba 60 au 80 mpaka alama za msumeno na gundi zipotee, halafu 120, 180, umalizie 220. Kama una randa ya mkono iliyonolewa vizuri, tembea kutoka ukingoni kuelekea katikati, usitoke nje, utamegua pembe. Ukimaliza, lowesha kwa kitambaa, acha kikauke, vinyweleo vitasimama, pitisha 220 tena.

Na vaa barakoa. Shirika la IARC linalochunguza saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995. Mvule na mpingo zaidi ya hapo zinawasha ngozi na pua. Usione mafundi wanakohoa ukadhani ni baridi ya Arusha.

MAFUTA GANI?

Alizeti hapana, mawese hapana. Yanachacha, kibao kinanuka kama chipsi za jana. Nenda duka la dawa uulizie likwidi parafini, yale mafuta maangavu kama maji yanayotumika kulainisha choo. Usichanganye na mafuta ya taa! Paka mengi juu, CHINI na pembeni, acha usiku kucha, futa, rudia mpaka kikatae kunywa. Wengi wanapaka juu tu, chini panabaki pananyonya unyevu, kibao kinapinda kama chapati.

Mwisho chukua sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu nne za mafuta hayo, yeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, sio moja kwa moja kwenye jiko. Paka, sugua kwa kitambaa. Mng'ao wake utaupenda. Mteja umwambie arudie mafuta kila mwezi, au kila akiona rangi imepauka.

KIBAO CHA MBAO NI KICHAFU?

Hili swali utaulizwa, hasa na watu wa hoteli. Jibu lako hili hapa. Mwaka 1994 Dean Cliver na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa kulinganisha vibao vya mbao na vya plastiki. Walipoweka bakteria kwenye mbao, walizama ndani na baada ya muda hawakuweza kupatikana tena juu. Plastiki mpya ilikuwa rahisi kusafisha, lakini plastiki iliyokwisha kuchanwa na visu ilikuwa ngumu kuisafisha kwa mkono. Hiyo haimaanishi kibao cha mbao kinajiosha chenyewe! Osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha futa. Nyama mbichi iwe na kibao chake na kachumbari iwe na chake.

Mambo mawili ya kumwambia mteja, ikiwezekana yaandike kwenye karatasi umpe. Moja, asikiloweke kwenye beseni na vyombo. Pili, asikianike kichanjani juani. Akisimamishe kwa ubavu jikoni kikauke pande zote sawa. Yule mama wa mgahawa alikuwa anafanya yote mawili, na kosa ni langu maana sikumwambia.

NANI ATANUNUA?

Usiende bucha ukasema umeleta mbadala wa gogo. Shoka na mifupa vitakimaliza, na wenyewe wanatakiwa wahamie kwenye mashine. Wateja wa kweli ni jikoni: migahawa, mama ntilie anayejiheshimu, vijiwe vya nyama choma vinavyokata nyama iliyokwisha kuiva na kuipeleka mezani na kibao chake, nyumba za wageni, kambi za kitalii. Halafu kuna watalii wenyewe. Hapa hapa Arusha Shanga wanauza vitu vya chupa zilizotupwa na watalii wanapanga foleni. Mtu anapenda kitu chenye hadithi ya kweli. Ila kumbuka kibao kile kikubwa kinakaribia kilo tatu, na abiria wa ndege anahesabu kilo. Kwa watalii tengeneza vile vidogo.

Kuna sheria pia. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017. Bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, isiyozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo, imeachwa nje. Mninga na mkongo wa Afrika viliingia 2023, na hapo orodha inalenga magogo, mbao zilizopasuliwa na za namna hiyo. Ukitaka kupeleka nje kwa wingi, nenda TFS kwanza uulize. Na kiroba chako cha mabaki omba risiti kwa fundi, hata ya kuandikwa kwa mkono. Kuna watu wanashusha loliondo usiku kutoka msitu wa Meru. Ukinunua kwao hujaokoa mabaki, umelipia mti mpya ukatwe. Hapo biashara yote imepoteza maana.

Mpingo unachukua miongo mingi kufikia kuvunwa. Marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho, aliyefariki 2014, alianzisha na Mmarekani James Harris mradi wa kuupanda tangu 1996, na alijua kabisa miche ile hatavuna yeye. Nikiangalia kipisi cha mninga kwenye kiroba cha kuni namkumbuka huyo mzee.

Sisemi kibao kitakutajirisha. Kinachukua wiki za kukausha, siku mbili za gundi, na mikono itauma kwa msasa. Mimi bado natengeneza vichache tu kwa mwezi. Lakini yule mama wa mgahawa nilimrudia baada ya miezi, nikampa kingine bure, hakina fremu, na karatasi ya maelekezo juu. Kimepita masika mazima. Juzi kanipigia simu tena, moyo ukanipasuka nikajua yaleyale. Kumbe dada yake naye anakitaka.

Mwenye uzoefu wa gundi nzuri au anayejua karakana inayopasua kwa bei ya kueleweka atujuze hapo chini. Tusiwe wachoyo, mabaki yapo ya kututosha wote.

Nawasilisha.